Boti, Hati na Saa 72: Kikundi cha Mtaani Kinavyoweza Kuzuia VVU kwa Kudai Haki

Katika ufukwe wa Nduru, kaunti ya Kisumu, boti zilikuwa za wanaume na biashara ya kuuza samaki ilikuwa ya wanawake. Mchuuzi aliyefika alfajiri na fedha zake mkononi hakuwa na hakika ya kupata kitu. Mvuvi ndiye aliyechagua nani auziwe, na mara nyingi sharti lilikuwa ni kulala naye kwanza. Mpango huo una jina lake kwenye fukwe za Ziwa Victoria upande wa Kenya: jaboya. Mafunzo ya VVU yalifika na kondomu ziligawiwa. Wanawake walielewa kila walichofundishwa, lakini kesho yake walirudi ufukweni kwa sababu watoto walitakiwa kula.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 baadhi ya wachuuzi hao, mwenyekiti wao akiwa Justine Adhiambo Obura, waliunda kikundi kiitwacho No Sex for Fish na kupata ufadhili wa boti. Mambo yakageuka. Mwenye boti ndiye anayeajiri wavuvi, ndiye anayewalipa, na samaki wakishuka ni wake kwanza. Mwanamke aliyekuwa akibembeleza sasa ndiye aliyekuwa tajiri wa wavuvi. Kwa bahati mbaya mafuriko ya mwaka 2020 yaliifunika Nduru, watu wakahama na kazi ya miaka ikayumba. Pamoja na hayo, wanawake wale walituonyesha jambo ambalo mabango mengi ya barabarani hayalisemi: boti ilikuwa kinga ya VVU sawasawa na kondomu, na kwa mchuuzi wa Nduru ilikuwa kinga ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyompa uwezo wa kusema hapana.

Makala hii ni kwa vikundi vya mtaani na kijijini vinavyotaka kufanya kazi ya namna hiyo: vikundi vya kuweka na kukopa, vya akina mama, vya vijana, vya watu wanaoishi na VVU, vya msikitini na kanisani. Elimu ya namna virusi vinavyoambukizwa imefika karibu kila mahali. Kinachokosekana mara nyingi ni uwezo wa mtu kuitumia elimu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake wenye miaka 15 na zaidi, na kwa asilimia 3.0 ya wanaume. Maumbile yanachangia tofauti hiyo, lakini yanachangia pia mambo ya nani ana shamba, nani ana fedha, nani anapigwa akiuliza kuhusu kondomu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika baadhi ya maeneo mwanamke anayefanyiwa ukatili na mwenzi wake ana uwezekano mara 1.5 zaidi wa kuambukizwa.

Anzeni kwa kusikiliza

Msianze na semina. Kaeni watu wachache mnaoaminiana na muulizane swali moja: hapa kwetu, mtu anayetaka kujikinga anazuiwa na nini? Msiulize nani ana virusi, na msiandike jina la mtu. Majibu yatakuja ya aina nyingi. Zahanati inafungwa kabla vibarua hawajatoka shamba. Msichana anasafiri umbali mrefu kwenda shule, anapewa lifti na mwenye pikipiki, na lifti ina bei yake. Mjane amenyang'anywa nyumba. Mhudumu mmoja anatoa siri. Chagueni mawili ambayo mnaweza kuyagusa ndani ya miezi michache, mengine yasubiri.

Kampala kuna kazi ya kujifunza. Shirika la Raising Voices lilibuni mpango uitwao SASA!, ambamo wakazi wa kawaida walijitolea kuzungumza na majirani zao kuhusu matumizi ya nguvu ndani ya nyumba, na namna nguvu hiyo inavyoongeza ukatili na VVU. Walizungumza kwenye vibanda vya kinyozi, sokoni na mlangoni kwa jirani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika maeneo yaliyofikiwa, ukatili wa kimwili wa wenzi katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 ukilinganisha na maeneo ambako mpango haukuwapo. Posho za semina hazikuwa siri ya mafanikio hayo. Siri ilikuwa kurudia mazungumzo kwa subira, mwaka hadi mwaka, na watu wanaofahamiana.

Saa 72

Kama kikundi chenu kitafanya jambo moja tu mwaka huu, kifanye hili. Mtu aliyebakwa, au ambaye kondomu ilipasuka akiwa na mwenzi mwenye VVU asiyetumia dawa, au asiyejua hali ya mwenzi wake, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi. Wahudumu huziita PEP. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi: saa mbili baada ya tukio ni bora kuliko siku ya pili, na siku ya pili ni bora kuliko ya tatu. Zikishaanza, zinamezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Kabla ya kuanza mtu hupimwa VVU, kisha hurudia kipimo kwa ratiba anayopewa, ikiwa ni pamoja na baada ya miezi mitatu.

Watu wengi hukosa dawa hizi kwa sababu saa zinaliwa. Familia inakaa kikao. Mzee mmoja anashauri mambo yamalizwe kimyakimya, mbuzi watolewe. Mama anaogopa nauli. Ofisi ya polisi inasema afisa anayehusika hayupo, mrudi kesho. Jumamosi inapita, Jumapili inapita, na Jumatatu asubuhi daktari anasema wamechelewa.

Kwa hiyo jipangeni kabla tukio halijatokea. Nendeni kituo cha afya cha karibu mkaulize kwa upole lakini kwa ukamilifu: dawa hizi zipo hapa? Zinatolewa usiku? Sikukuu je? Kama hazipo, wanampeleka mtu wapi? Andikeni majibu kwenye karatasi moja. Tengeni akiba ndogo ya nauli inayoweza kutoka saa yoyote bila kuitisha kikao. Zungumzeni na kijiwe cha bodaboda mpate madereva wawili waaminifu ambao watambeba mtu usiku na kulipwa baadaye. Amueni mapema nani atamsindikiza, kwa sababu binti wa miaka 15 hawezi kusimama peke yake mbele ya kaunta na kueleza yaliyompata huku foleni ikisikiliza.

Siku ya tukio, nendeni hospitali kwanza. Polisi ni muhimu kwa kesi, na Tanzania fomu ya PF3 ina kazi yake kama ilivyo P3 kwa Kenya, lakini virusi havingoji mhuri. Mwombeni mhudumu aanze matibabu wakati mmoja wenu anashughulikia fomu. Baadhi ya hospitali za Tanzania zina vituo vya mkono kwa mkono, ambamo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Fahamuni cha karibu kipo wapi. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo kabla ya kuchunguzwa, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huharibu ushahidi. Ikiwa ameshaoga, aende hivyo hivyo, matibabu bado ni yake. Aulizie pia dawa ya kuzuia mimba na matibabu ya magonjwa mengine ya zinaa. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya, na Kenya ina 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Na wale wazee wa mbuzi waelezwe bila kumung'unya maneno: ubakaji ni kosa la jinai. Si mgogoro wa koo mbili.

Shamba la mjane

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa mkoani Kagera, mwaka 1983. Muongo ule familia nyingi za Bukoba na jirani zilipoteza baba, na wajane walijikuta wanajadiliwa pamoja na migomba. Mjane aliyefukuzwa shambani alikuwa na njia chache: kurithiwa na shemeji, kuhamia mjini bila mtaji, au kumtegemea mwanamume yeyote aliyemhifadhi. Kila mojawapo ya njia hizo inaweza kumpeleka kwenye VVU, au kuvipeleka kwa mwingine.

Kagera hiyohiyo ndiyo iliyotoa kesi ambayo kila msaidizi wa kisheria anapaswa kuijua. Holaria Pastory alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alimpinga kwa hoja kwamba mila ya Kihaya hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua mwaka 1990 kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 nazo zinatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi. Hata hivyo sheria za mila za mirathi bado zinamwacha mjane nyuma, na hapo ndipo kazi ya kikundi ilipo.

Kazi hiyo ifanyike baba akiwa bado hai na mwenye afya. Hati miliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja, na kikundi kinaweza kuhimiza kaya zake kufanya hivyo siku wapimaji wanapokuja kijijini. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vitunzwe pamoja. Asiye na cheti cha ndoa asikate tamaa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa nafasi mwanamke aliyeishi na mwanamume kwa miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama wanandoa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Msiba ukitokea, haraka ya kwanza ni cheti cha kifo. Bila hicho mirathi haiendi popote. Kisha mjane ahudhurie kikao cha familia, asikilize jina la msimamizi wa mirathi linalopendekezwa, na kama hakubaliani naye, anaweza kuweka pingamizi mahakamani kabla hajateuliwa. Andamaneni naye siku hiyo. Mwanamke mwenye watu watano nyuma yake kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo huzungumza kwa sauti tofauti kabisa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Mgogoro wa ardhi kijijini unaweza kuanzia kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Angalieni kama wanawake hao wapo kweli, au majina yao yamejaza karatasi tu.

Daftari la zahanati

Desemba 1998, mjini Cape Town, Afrika Kusini, Zackie Achmat na wenzake walianzisha vuguvugu la Treatment Action Campaign kudai dawa kwa wote. Mwezi huohuo, huko KwaMashu, mwanamke aitwaye Gugu Dlamini alipigwa na kuuawa baada ya kutangaza hadharani kwamba anaishi na VVU. Vuguvugu lilijibu kwa fulana zilizoandikwa kifuani kwamba mvaaji ana VVU, zikavaliwa na wenye virusi na wasio navyo, hata asiweze mtu kubainisha nani ni nani. Nelson Mandela aliivaa mwaka 2002 alipotembelea Khayelitsha. Na Julai mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliamuru serikali itoe nevirapine ya kuzuia maambukizi toka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Ushindi ule ulianzia madarasani. Wanachama, wengi wao bila kisomo kikubwa, walifundishwa namna virusi vinavyozaliana, dawa gani inazuia nini, bei yake inapangwaje. Waliweza kubishana na waziri kwa sababu walijua wanachodai. Kenya nako Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, watu wanaoishi na VVU, walikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 kwa kuwa ilichanganya dawa bandia na dawa za bei nafuu zilizo halali. Mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliwapa haki.

Kikundi chenu hakihitaji Mahakama ya Katiba kuanza. Kinahitaji daftari. Kila mwezi, watu wawili waandike: siku ambazo dawa za kufubaza VVU au vitendanishi vya kupima vilikosekana, muda ambao watu walisubiri, kama kondomu zilikuwapo, kama benchi la kliniki ya tiba na matunzo linaonekana na kila apitaye barabarani. Jambo hilo la benchi linafukuza watu wengi kuliko wahudumu wanavyodhani. Ulizeni pia kuhusu kipimo cha wingi wa virusi. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa na majibu yasirudi ni suala la kinga kwa mji mzima, na mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yake yako wapi.

Baada ya miezi mitatu pelekeni daftari kwa mganga mfawidhi na kwa kamati ya kusimamia kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Anzeni hapo kabla ya redio. Msipige picha wagonjwa wala mafaili, wala msimtaje muuguzi kwa jina kwenye mkutano. Mara nyingi yuko peke yake zamu nzima, na mkimdhalilisha mmempoteza mtu ambaye angekuwa upande wenu. Dai lenu ni vitendanishi, pazia, mhudumu wa pili.

Siri ni ya mwenyewe

Tanzania, Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, inalinda siri ya majibu, na inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Kenya ina sheria ya mwaka 2006 iliyounda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko ya watu waliobaguliwa kwa sababu ya VVU, na linaweza kuamuru fidia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya huko ilifuta kifungu cha 24 cha sheria hiyo, kilichowatisha watu kwa jela kuhusu kutangaza hali zao.

Ndani ya kikundi wekeni kanuni moja isiyo na mjadala: hakuna anayeulizwa hali yake, na hakuna anayesukumwa kutoa ushuhuda. Wafadhili hupenda ushuhuda. Mtu akitoa leo, kesho anabaki na majirani wakati wafadhili wameshaondoka.

Kanuni hiyo iwahusu pia wale ambao mtaa unawakwepa. Wanawake wanaouza ngono na vijana wanaojidunga heroini wako kwenye hatari kubwa kuliko wengi wetu, na wakifukuzwa kwa matusi wanakimbilia mafichoni ambako hakuna sindano safi wala ushauri. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Muhimbili mwaka 2011, na waliofika pale walifika kwa sababu kuna watu waliowafuata maskani kwao wakazungumza nao kama ndugu.

Fedha itoke wapi

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za waelimishaji rika katika nchi zetu zilisimama nayo. Dawa mpya nazo zinakuja na swali lilelile la nani atazipata. Katika jaribio la lenakapaviri, sindano ya kuzuia VVU, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 walichomwa sindano hiyo kila miezi sita, na matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa VVU. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Vikundi ndivyo vitakavyouliza sindano hiyo itafika lini kwenye kata za mikoa yenye maambukizi makubwa, Njombe kwa mfano, ambako utafiti ule wa kitaifa ulikuta asilimia 12.7.

Halmashauri za Tanzania hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka boti, cherehani au shamba la kukodi kisajiliwe na kimwone afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, fomu zikaguliwe kabla ya dirisha kufunguliwa. Kenya, katiba inayataka mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi, na vikao vya bajeti ni mahali pa kufika na daftari lenu.

Kijijini, mkutano mkuu hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Pelekeni hoja moja, iliyoandikwa, yenye namba kutoka kwenye daftari: siku ambazo dawa zilikosekana, wajane waliofukuzwa bila kutaja majina, umbali wa kituo chenye dawa za saa 72. Mchagueni msemaji ambaye hababaiki akiulizwa. Hoja iingizwe kwenye muhtasari wa mkutano, na wiki inayofuata mmoja wenu aende ofisi ya mtendaji auombe na kuusoma, aone kama kilichoandikwa ndicho mlichosema.